Maswali Yenu: Haiti, mkopo wa maji uliokwama na polisi wetu

Wiki hii karibu meseji zote ni za Haiti, kwa hiyo wale wa mirathi na yule dada wa bima ya bodaboda mnisamehe, nyinyi toleo lijalo.

Swali: Asalaam aleikum mhariri. Shemeji yangu ni polisi na alipelekwa Haiti, basi nyumbani kila jioni ni hadithi za magenge tu. Juzi nikauliza kwani hii nchi imefikaje hapo, mjomba akasema Marekani iliwahi kuwazuilia hata mkopo wa maji ya kunywa. Watu wakamcheka, eti hizo ni propaganda za mtandaoni. Nani mkweli?
*Msomaji, Kisauni, Mombasa*

Jibu: Waaleikum salaam. Mjomba ndiye mkweli na waliomcheka wamwombe radhi. Kuna benki moja kubwa Washington, Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika, wenyewe wanaiita IDB, ambayo ilikuwa imeshaipitishia Haiti mikopo minne, jumla kama dola milioni 146 hivi. Milioni 54 za maji na usafi, 50 za barabara, na zilizobaki za afya na elimu. Bunge la Haiti likaidhinisha Oktoba 2000, yaani karatasi zote tayari, ilikuwa imebaki pesa kutoka tu.

Zikakaa. Aprili 2001 mwakilishi wa Marekani kwenye bodi ya hiyo benki akamwandikia barua rais wa benki, Enrique Iglesias, akimwomba asimamishe kutoa hizo pesa. Sasa ujue Marekani ina kama asilimia 30 ya kura mle ndani, kwa hiyo mwenye asilimia 30 akisema subiri kidogo hakuna anayejifanya hajasikia. Na hapo ndipo mimi huchoka, maana mkataba wa benki yenyewe unakataza kabisa kuingilia siasa za nchi mwanachama.

Sababu waliyotoa ni uchaguzi wa Mei 2000, kwamba viti kadhaa vya seneti hesabu yake ilipigwa vibaya, wagombea wakatangazwa wameshinda bila kurudia raundi ya pili. Na kweli hesabu ilipigwa vibaya, tusifichane, hata mkuu wa tume ya uchaguzi aliikimbia nchi. Lakini 2001 maseneta saba wa viti hivyo wakajiuzulu na bado pesa hazikutoka, kila wakitimiza sharti moja linazaliwa lingine. Huku ada za ile mikopo zinadaiwa, ni kama kulipia chumba cha gesti uliyofungiwa mlango. Julai 2003 serikali ikaambiwa malimbikizo ya madeni ya zamani lazima yalipwe kwanza, ikatoa kama dola milioni 32, karibu akiba yake yote ya fedha za kigeni. Nchi ambayo haina dawa hospitali inaipelekea benki ya Washington milioni 32!

Mji mmojawapo uliokuwa kwenye mpango wa maji ni Port-de-Paix, kaskazini. Watafiti wa afya na haki za binadamu walipokwenda kule, ripoti yao ikatoka 2008, wakakuta watu bado wanachota visimani na kwenye vijito, maji wanajua ni machafu lakini watafanyaje. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2010, kipindupindu kikaingia, na hicho kililetwa na kikosi cha Umoja wa Mataifa wenyewe, kambi ya wanajeshi wa Nepal kule Mirebalais ambayo uchafu wake uliingia mtoni. Waliougua walipita laki nane na waliokufa ni karibu elfu kumi kwa hesabu za serikali. Ban Ki-moon, katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa wakati huo, aliomba radhi Desemba 2016, miaka sita imeshapita. Sisemi ule mkopo ungeizuia kipindupindu, hakuna anayeweza kusema hivyo, ila ugonjwa wa maji machafu uliwakuta watu wale wale walioahidiwa maji safi wakaambiwa subirini.

Swali: Kaka, huyo Aristide aliyekuwa rais wa Haiti alijiuzulu au alitekwa? Mimi nilikuwa mdogo lakini nakumbuka redioni walitaja Bangui.
*Msomaji, Tanga*

Jibu: Kumbukumbu yako iko sawa. Alfajiri ya tarehe 29 Februari 2004 alipandishwa ndege iliyopangwa na Wamarekani, yeye na mkewe, na akashukia Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, mahali ambapo hana ndugu wala jamaa. Washington ikasema ameondoka kwa hiari, na waziri wao wa mambo ya nje, Colin Powell, akakanusha habari za kutekwa. Aristide mwenyewe akasema ametekwa. Nchi za Karibi, CARICOM, zikataka uchunguzi huru na uchunguzi haukufanyika, halafu Afrika Kusini ikampokea akakaa huko mpaka 2011.

Mimi naangalia yaliyotangulia. Waasi waliokuwa wanakaribia mji mkuu waliongozwa na Guy Philippe, mkuu wa zamani wa polisi wa mji wa Cap-Haïtien, aliyevuka kutoka nchi jirani ya Jamhuri ya Dominika na silaha (huyo huyo baadaye alikuja kufungwa Marekani kwa pesa za madawa ya kulevya). Halafu Brian Dean Curran, ambaye alikuwa balozi wa Marekani Haiti mpaka 2003, akaja kuliambia gazeti la New York Times kwamba taasisi moja ya Kimarekani, International Republican Institute, ilikuwa inawashauri wapinzani wasikubali maridhiano na hivyo kuharibu kazi yake yeye balozi. Na 2022 gazeti hilo hilo likamnukuu balozi wa zamani wa Ufaransa, Thierry Burkard, akikiri kwamba Ufaransa na Marekani kwa kweli walipanga mapinduzi. Kumbuka pia kwamba 2003 Aristide alikuwa ameidai Ufaransa zaidi ya dola bilioni 21, kwa sababu ya yale malipo ya 1825 ambapo manowari za Kifaransa zilikuja kuwalazimisha watumwa waliojikomboa wawalipe fidia mabwana zao. Deni na mikopo yake havikuisha mpaka 1947. Burkard akasema kumwondoa Aristide kulirahisisha mambo kwenye lile dai.

Malaika hakuwa, wafuasi wake walikuwa na magenge yanayopiga watu na hilo waHaiti wenyewe wanalisema. Lakini uangalie, alipoondoka tu milango ikafunguka, Julai 2004 wafadhili wakaahidi zaidi ya dola bilioni moja kwa serikali ya mpito ambayo haikupigiwa kura na mtu yeyote.

Swali: Mimi ni mkulima wa mpunga. Nimesikia Clinton aliomba msamaha kwa wakulima wa Haiti, kwa kosa gani?
*Msomaji, Mwea*

Jibu: Ndiyo, Machi 2010 mbele ya kamati ya seneti. Katikati ya miaka ya 90, Clinton akiwa rais wa Marekani, Haiti ilisukumwa kushusha ushuru wa mchele kutoka nje mpaka asilimia 3, mchele wa Arkansas unaopewa ruzuku ukajaa sokoni, mkulima wa bonde la Artibonite akashindwa bei akahamia mjini. Clinton akasema wakulima wa kwao Arkansas pengine walifaidika ila Haiti ilishindwa kujilisha. Nyinyi wa Mwea mnajua mchele wa nje ukishuka bandarini bei inakuwaje, nyie hamhitaji maelezo.

Swali: Kama haya yote ni kweli mbona redio na tivii zetu hazikutwambia? Tuliona fujo tu.
*Msomaji, Ujiji, Kigoma*

Jibu: Dada yangu, mpiga picha hawezi kupiga picha ya pesa ambazo hazikutoka. Tairi likichomwa Port-au-Prince picha ipo, barua ya kusimamisha mkopo imelala kwenye faili Washington na aliyeiandika hakuitisha waandishi. Halafu vyombo vyetu habari za kule tunanunua kwa mashirika ya nje, kwa hiyo tunapata walichochagua wao. Nasi wahariri tumo, habari ya benki haiuzi gazeti.

Swali: Polisi wetu nao waliwahi kukatiwa pesa kule?
*Msomaji yule yule wa Kisauni, meseji ya pili*

Jibu: Polisi wa Kenya, walioongoza misheni ya kimataifa ya kuwasaidia polisi wa Haiti dhidi ya magenge, walifika kwanza Juni 2024, siku ile ile vijana waliingia bungeni Nairobi kwa ajili ya mswada wa fedha. Pesa nyingi za misheni zilitegemea Marekani. Februari 2025 Umoja wa Mataifa ukatangaza kwamba Marekani imesimamisha dola milioni 13.3 zilizokuwa zimebaki za mchango wake kwenye mfuko wa misheni, ingawa vifaa vingine na misaada ya moja kwa moja waliendelea kutoa. Mwezi huo huo polisi wa kwanza wa Kenya aliuawa Artibonite. Kikosi kilipangwa watu 2,500 na hakikuwahi kufika nusu ya hapo. Shemeji mpe salamu zangu.