Cessna F406: hesabu kilo, viti baadaye

F406 Caravan II ni ndege ndogo ya injini mbili; iliundwa Reims, Ufaransa, na iliruka mara ya kwanza mwaka 1983. Sifa yake ni kubadilika: leo abiria, kesho shehena, keshokutwa doria. Forodha ya Ufaransa na walinzi wa uvuvi wa Uskochi wameitumia kuchunga bahari. Tatizo ni kwamba mnunuzi huona viti 12 nyuma ya marubani akadhani ni tiketi 12 kila safari.

Uzito wa juu wa kuruka ni kilo 4,468. Tuseme ndege yako tupu ina kilo 2,600. Toa marubani wawili, kilo 170, na mafuta lita 800, ambayo ni kama kilo 640. Zimebaki 1,058. Abiria 12 wa kilo 80 wanakula 960. Zinabaki kilo 98 za mabegi, yaani nane na ushee kwa kila mtu. Ukiwaahidi kilo 15, umezidisha 82: punguza mafuta lita 103 au mwache abiria mmoja na begi lake. Na hizo 80 ni za kukadiria. Kwenye ndege ndogo, mpandishe mtu kwenye mizani.

Kosa linalojirudia ni karatasi ya zamani ya hesabu ya uzito. Viti vimetolewa, nyavu za kushikilia shehena zimefungwa, au meza ya mtazamaji wa rada imewekwa, lakini hesabu bado ni ya ndege ya abiria. Kila muundo uwe na karatasi yake, na fundi aitie sahihi.

Wapakiaji huanzia mlangoni, na mlango uko nyuma. Waambie waanze mbele, la sivyo ndege itakalia mkia hapohapo uwanjani. Hilo angalau unaliona. Baya zaidi ni uzito kukaa nyuma kidogo tu, ukaruka salama, kisha injini moja ikazima. Usukani wa mkia hupata nguvu kwa kuwa mbali na kitovu cha uzito. Kitovu kikirudi nyuma, nguvu inapungua, na unahitaji mwendo mkubwa zaidi ili pua isivutwe upande wa injini iliyokufa.

Ukitokea uwanja wa Wilson, Nairobi, karibu mita 1,690 juu ya bahari, saa nane mchana wa jua kali, hewa ni nyepesi na ndege hupanda kwa shida, kwa hiyo usiangalie kilo 4,468 peke yake. Fungua jedwali la kupanda kwa injini moja, weka joto la saa ile, ndipo upange mzigo.