Maswali ya Wasomaji: Saksafoni Nne Kwenye Baridi ya Dodoma

Tunaandaa onyesho la muziki wa kisasa mwezi Julai, uwanjani, usiku: okestra, na saksafoni nne mbele. Mazoezi ya mchana yalikaa vizuri. Tulipojaribu usiku, saksafoni zikashuka, violini zikapanda. Nani anakosea?
*Mratibu, Dodoma mjini*

Hakuna anayekosea, ni kipupwe hicho. Hewa ndani ya bomba ikipoa, sauti husafiri polepole na noti hushuka, takriban senti 3 kwa kila nyuzi moja ya joto. Kutoka noti moja ya kinanda hadi inayofuata ni senti 100, kwa hiyo mchana wa nyuzi 26 na usiku wa nyuzi 15 vinaachana kwa senti 30 na ushee, ingawa pumzi ya mpigaji hurudisha sehemu ya hizo. Waya wa violini nao ukipoa hunywea, hukaza, na sauti hupanda. Hapo ndipo wanapopishana.

Baritoni, saksafoni kubwa kuliko zote nne, ndiyo mzigo, maana bomba lake ni refu na huchelewa kupata moto. Wanne wote wapashe ala moto ndani ya chumba dakika 15 hadi 20, waingie jukwaani mwisho, na A ya okestra, noti ya kupatanishia ala, ipigwe wakiwa wameshapuliza. Noti ya saksafoni inavyoandikwa sivyo inavyosikika, kwa hiyo kupata A hiyo soprano na tenori watashika B, alto na baritoni F shapu. Kusukuma mausipisi, ule mdomo mweusi, ndani zaidi kunasaidia, ila kuna kikomo: ukizidisha, noti za juu zinapanda kuliko za chini na oktava hazikutani tena. Baritoni ikifika kikomo, violini ndizo zishuke kumfuata. Wenye violini watanuna, lakini wao wana vigingi vya kukaza na kulegeza, mwenzao hana.

Ukavu nao una lake. Ridi, kile kijiti chembamba kinachotetema kwenye mausipisi, ni mwanzi. Kwenye upepo wetu ncha yake hujikunja mawimbi, na mpigaji aliyenyamaza vipimo 60 akitakiwa aanze kwa sauti ya chini kabisa, inatoka hewa tupu au mlio wa bata. Ilowekwe kwenye maji dakika moja au mbili, ibanwe juu ya kipande cha kioo mpaka inyooke. Kila mmoja awe na ridi tatu au nne zilizokwisha zoeshwa, ndani ya kopo lisilopitisha hewa, na avishe mausipisi kifuniko akiwa kimya.

Fundi mitambo naye msimwache achomeke maiki kwenye mdomo mpana wa saksafoni. Sauti hutokea kwenye matundu yote yaliyo wazi. Pale chini utapata noti nzito peke yake. Maiki ikae nusu mita hadi mita moja, ielekee katikati ya ala.

Kuna noti zimeandikiwa vidole vya ajabu, na zikishikwa zinatoka sauti mbili tatu kwa mpigo, kama ala imepasuka. Fundi anasema pedi, vile vifuniko vya matundu, zimekufa.
*Mpiga tenori, Chamwino*

Puliza noti za chini kabisa, C hadi B flati, polepole. Zikigoma, fundi ana haki: weka karatasi nyembamba ya kusokotea sigara chini ya kila pedi, funga, vuta, ibanwe sawasawa pande zote. Zikitoka safi, basi mtunzi ndivyo alivyotaka. Vidole hivyo huligawa bomba, hewa ikatetema kwa zaidi ya noti moja. Vidole vya alto havifai kwenye tenori, na hata tenori za viwanda tofauti hutofautiana, hivyo jaribu kulegeza taya kidogo kidogo, upulize kwa upole, uipe sauti nafasi ya kutulia.

Halafu wewe ni wa Chamwino. Ilimba, ile ala ya Wagogo ya kupigwa kwa vidole gumba, huwekewa utando wa buibui makusudi ili ikwaruze, na uimbaji wa Kigogo unafuata ngazi ya asili, yaani mfululizo wa sauti ndogo zilizomo ndani ya noti moja, ambayo sauti yake ya saba iko senti 31 chini ya ile ya kinanda. Sikio lako limeshapita darasa hilo.

Shikamoo mhariri. Kwaya yetu ina nyimbo za sauti nne kwa sol-fa. Saksafoni nne zinaweza kuzipiga?
*Mwanakwaya, Mpwapwa*

Marahaba. Zinaweza, na sol-fa inakurahisishia: silabi usiziguse, badilisha ufunguo tu. Wimbo ukiwa Do ni C, soprano na tenori waandikie Do ni D, alto na baritoni Do ni A. Kwa kuanzia chagua B flati: wawili watasoma C, wawili G. Soprano haishuki chini ya A flati iliyo chini ya C ya kati, na kwa sauti ya kwanza hiyo inatosha. Mkiikosa, chukueni alto mbili.

Tupige makofi lini?
*Msomaji, Singida*

Mikono ya kiongozi ikishashuka kabisa. Konseto ya mtunzi Philip Glass ya saksafoni nne, ya mwaka 1995, ina sehemu nne. Ukimya kati yake bado ni kazi ileile inaendelea.