Andikeni difolti zenu, wadogo zangu

Juzi nilikuwa nakagua mchango wa msimbo (maandishi ya programu) wa kijana mgeni katika mradi wetu hapa Malindi. Kazi yenyewe safi, sina neno. Nikafika kwenye maelezo ya mipangilio: "muda_wa_kusubiri: weka thamani inayofaa." Inayofaa kwa nani, bwanangu? Na mtu asipoweka kitu, programu inasubiri hadi lini? Hiyo ndiyo difolti, thamani ambayo programu huitumia yenyewe mtu asipoweka yake, na hakuiandika. Kabla yake mwingine aliandika vivyo hivyo, na kabla ya huyo mwingine. Basi nayaandika masharti ya difolti hapa, nipumzishe koo.

1. Thamani iende na kizio chake. `wait_timeout` (muda wa kusubiri muunganisho uliokaa kimya) ya MySQL, programu ya hifadhidata, kwa difolti ni 28800, na hizo ni sekunde, yaani saa 8. Anayedhani ni milisekunde atahangaika mpaka magharibi.

2. Semeni 0 maana yake nini. Kwenye nginx, programu ya seva ya wavuti, usipoigusa `client_max_body_size` (ukubwa wa data mtu anayoruhusiwa kutuma), kikomo ni MB 1. Ukiiweka 0, ukubwa haukaguliwi tena kabisa. Kuna wanaoweka 0 wakidhani wamefunga.

3. Mstari wenye # mbele. Hapa mnivumilie.

Programu yetu ya kuwekea nafasi vyumba ilikuwa inatumika kwenye nyumba moja ya wageni kule Shela, Lamu. Faili la mfano la mipangilio lilikuwa na mstari huu: `#siku_za_bakapu = 30`, yaani bakapu (nakala za akiba za data) zitunzwe siku 30. Mwenye nyumba aliuona, akaridhika, hakuugusa. Baadaye kijana wetu mmoja, kwa kuwa diski za seva zilikuwa zikijaa, akashusha difolti ndani ya msimbo kutoka 30 hadi 7. Faili la mfano akaliacha vilevile, na wakubwa wakapitisha, maana mabadiliko yalikuwa ya mstari mmoja tu na ilikuwa Ijumaa. Na mstari wenye # programu haiusomi. Ile 30 ikabaki pambo.

Maulidi yakaja, vyumba vikajaa, mtu wa mapokezi akaingiza orodha vibaya, akafuta nafasi za watu. Hawakugundua upesi. Walipofungua folda ya bakapu, faili saba, zote zimechukuliwa baada ya data kuharibika. Kijana akapanda basi hadi Mokowe, akavuka kwa boti, akakaa na kitabu cha risiti na jumbe za WhatsApp akiandika upya jina baada ya jina, nusu ya namba zimelowa maji hazisomeki. Mwenye nyumba hakugomba hata kidogo. Alimtilia chai, akafungua faili lile kwenye kompyuta, akaweka kidole kwenye 30. "Hii si mumeandika nyinyi?"

Mtindo wenyewe hauna kosa. OpenSSH, programu ya kuingilia seva kutoka mbali, nao kwenye faili lao la mipangilio `sshd_config` huweka difolti nyuma ya #, ila wao hutangaza wakibadilisha: toleo 7.0 la mwaka 2015 lilipoitoa `PermitRootLogin` (ruhusa ya msimamizi mkuu kuingia) kwenye `yes` na kuifanya `prohibit-password`, yaani asiingie kwa nywila, waliitaja kwenye maelezo ya toleo, miongoni mwa mambo yanayoweza kumvurugia mtu aliyezoea ya zamani.

4. Kwa hiyo difolti ikibadilika, itajwe juu kabisa kwenye orodha ya mabadiliko: ilikuwa ngapi, sasa ngapi, tangu toleo gani. Msiizike chini ya "marekebisho madogo". Nawajua.

5. Saa za kazi ambazo programu hujifanyia usiku ziandikwe pamoja na eneo lake la saa. Saa 02:00 ya seva inayofuata UTC (saa ya kimataifa, iliyo nyuma yetu kwa saa 3) ni 05:00 kwetu, watu wako macho na mfumo unatumika.

6. Msinakili thamani kwa mkono sehemu tatu. Siku hizi tuna jaribio linalolinganisha faili la mfano na msimbo; vikipishana, mchango hauunganishwi. Aliyeliandika ni kijana yuleyule wa Shela, na hana huruma. Likikukatalia usinipigie simu usiku. Soma mstari wa mwisho wa ripoti, jina la mpangilio limeandikwa pale.