Maswali ya Wasomaji: Mazabodi na Prosesa za Kompyuta ya Gemu Inayopandishwa Kasi

SWALI: Ndugu fundi, nimekuwa nikiweka akiba tangu mwaka jana ili niunde kompyuta ya gemu ambayo prosesa yake nitaipandisha kasi kupita kiwango cha kiwandani, yaani ovakloki. Duka moja limenipa orodha mbili. Ya kwanza ina prosesa ya Core i5-13400F juu ya mazabodi ya Z790, na ya pili ina Core i7-14700K juu ya mazabodi ya B760. Muuzaji anasema zote zinapandishwa kasi. Skrini yangu ni ya 1080p yenye hezi 144. Nichukue ipi? — *Msomaji, Tanga*

JIBU: Ndugu yangu, usichukue hata moja, kwa sababu kila orodha ina nusu tu ya kinachohitajika, na nusu hizo hazikutani. Kwa upande wa Intel, ruhusa ya kupandisha kizidishi cha prosesa (namba inayozidishwa na mapigo ya msingi kupata kasi yake) hutolewa mara mbili: prosesa yenyewe iwe na herufi K mwishoni mwa jina, na chipseti ya mazabodi, yaani chipu inayoamua mazabodi inaruhusu nini, iwe ya daraja la Z. Ile 13400F imefungwa kiwandani, hivyo Z790 utakuwa umeilipia bure; nayo 14700K iko wazi, lakini B760 itakuruhusu kuongeza kasi ya RAM tu, kizidishi cha prosesa hutakigusa. Herufi F, kwa faida ya wasomaji wengine, haihusiani na kasi: ina maana kwamba prosesa haina michoro ya ndani, kwa hiyo bila kadi ya michoro skrini haitawaka.

Hata ukiioanisha 14700K na mazabodi ya Z790, mimi nisingekushauri kuinunua kwa kazi yako. Prosesa hiyo inaruhusiwa na kiwanda chenyewe kufikia wati 253 kabla wewe hujagusa chochote, na haiuzwi na kipoza joto. Isitoshe, prosesa za kizazi cha 13 na cha 14 za kompyuta za mezani zilikumbwa na tatizo la volti kupanda kupita kiasi na kuziharibu polepole, jambo ambalo Intel ililikiri mwaka 2024, ikatoa marekebisho kupitia BIOS (programu ya ndani ya mazabodi inayoiwasha kompyuta) na kuongeza dhamana kwa miaka 2. Anayeimiliki tayari asihangaike. Asasishe BIOS leo, na aache volti kama kiwanda kilivyozipanga. Anayenunua upya kwa nia ya kuongeza volti hana sababu ya kuanzia hapo.

Ningeelekeza fedha zako kwenye Ryzen 5 7600 ya AMD, yenye kori (viini vya hesabu) 6, juu ya mazabodi ya chipseti ya B650. Prosesa hii haikufungwa, B650 inaruhusu kuipandisha, na soketi yake (kikalio cha prosesa kwenye mazabodi) ya AM5, iliyoingia sokoni mwaka 2022, imeahidiwa na AMD kuendelea kupokea prosesa mpya hadi mwaka 2027 na zaidi. Soketi ya LGA1700 uliyopewa katika orodha zote mbili imekwisha: Intel ilihamia LGA1851 mwaka 2024. Jihadhari tu usiuziwe mazabodi ya A620 kwa maneno kwamba "ni AM5 hiyohiyo". Soketi ni ileile, lakini chipseti hiyo hairuhusu kupandisha kasi ya prosesa.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wauzaji wengi hawalitaji na ambalo ndilo linalonifanya niandike kwa kirefu. Mazabodi ina kituo chake cha kupoza umeme, kama vile vya mitaani kwetu. Pawasaplai huleta volti 12, lakini prosesa hula volti 1 na ushee. Kazi ya kushusha umeme huo hufanywa na vipande vidogo vilivyopangwa kando ya soketi, upande unakochomekwa waya wa umeme wa prosesa. Vipande hivyo hupata moto sana. Katika mazabodi nzuri hufunikwa na vyuma vizito vya alumini vyenye mapezi, na katika zile za bei ya chini huachwa uchi. Niliwahi kuletewa kompyuta ambayo gemu lilikwenda vizuri robo saa ya kwanza, kisha likaanza kukwama. Mwenyewe alikuwa ameshabadilisha kadi ya michoro bila mafanikio. Nilifungua kasha, nikaweka feni ya mezani ikielekezwa kwenye vipande hivyo, na kukwama kukaisha palepale. Prosesa ilikuwa salama kabisa. Kituo cha umeme ndicho kilichokuwa kikizidiwa na kuilazimisha prosesa ipunguze kasi. Kwa hiyo ukiwa dukani, omba mazabodi itolewe kwenye boksi na utazame: vyuma viwe pande mbili za soketi, vizito, na vimefungwa kwa skrubu.

Joto ni hesabu, na hesabu hii inafaa kuijua kabla ya kugusa BIOS. Moto wa prosesa hukua pamoja na kasi ya mapigo, lakini kwa volti hukua kwa kipeo cha pili. Ukiongeza kasi kwa asilimia 5 na ikakulazimu kuongeza volti kwa asilimia 10, moto utapanda kwa takriban asilimia 27. Hapo uongeze hali ya hewa ya Tanga. Kipoza joto cha feni au cha maji hakiwezi kushusha prosesa chini ya joto la chumba, hivyo video ya mtu wa Ulaya mwenye chumba cha nyuzi 21, ambaye prosesa yake inafika 82, kwako kwenye chumba cha nyuzi 31 itakuwa karibu na 92.

Mwaka 1998 watu walichukua Celeron 300A ya megahezi 300 wakaifikisha 450, yaani nusu nzima ya kasi wakaipata bure. Siku hizi viwanda hubana karibu nafasi yote vyenyewe, na ninayemshauri namwambia waziwazi asitegemee zaidi ya asilimia chache. Kwa hiyo katika 7600 anza na RAM: DDR5 ya 6000, vipande 2, uwashe EXPO, mpangilio wa BIOS unaoifanya RAM iende kwa kasi iliyoandikwa juu yake. Kisha washa PBO, inayoiachia prosesa ijipandishe zaidi yenyewe, na kwenye Curve Optimizer, sehemu yake ya kurekebisha volti, shusha kwa hatua ndogo, tuseme hasi 10, ujaribu kwa saa kadhaa, ndipo uende hasi 15. Hapo unapunguza volti badala ya kuziongeza, na prosesa ikipata nafuu ya joto hupanda yenyewe. Kipoza joto kinachokuja kwenye boksi kitakutosha kwa matumizi ya kawaida, lakini kwa kazi hii nunua kikubwa zaidi. Na kwa kuwa skrini yako ni ya 1080p, ambako prosesa huhesabika kuliko kwenye 4K, utaliona badiliko hilo.

SWALI: Niliambiwa Ryzen zote zinapandishwa kasi. Nimenunua Ryzen 7 5800X3D na mazabodi ya B550, lakini BIOS haikubali kubadilisha kizidishi. Je, nimeuziwa bovu? — *Msomaji, Mombasa*

JIBU: Hapana, umeuziwa nzima, tena ni miongoni mwa prosesa bora za gemu zilizowahi kuwekwa kwenye soketi ya AM4. AMD iliifunga kwa makusudi. Juu ya kori zake imebandikwa tabaka la ziada la kumbukumbu, jumla ya megabaiti 96 za L3 (kumbukumbu ya haraka iliyo ndani ya prosesa) dhidi ya 32 za 5800X ya kawaida, na tabaka hilo halivumilii volti nyingi na huzuia joto kutoka. Gemu nyingi hufaidika na kumbukumbu hiyo kuliko ambavyo zingefaidika na megahezi mia mbili zaidi. Iache ilivyo, weka RAM ya DDR4 ya 3600 na kipoza joto kizuri. Katika 9800X3D ya mwaka 2024 tabaka limehamishiwa chini ya kori, na ndiyo maana hiyo wameifungua.

SWALI: Je, ni salama kununua mazabodi iliyotumika? — *Msomaji, Nairobi*

JIBU: Inawezekana, lakini nenda na tochi ya simu. Kwenye AM5 na LGA1700 pini ziko kwenye mazabodi, si kwenye prosesa, na ni nyembamba mno. Mulika soketi kutoka ubavuni: pini zote zimeremete kwa mpangilio mmoja, na mahali penye giza au mmeremeto uliopinda pana pini iliyolala. Kisha geuza mazabodi, utazame mgongoni nyuma ya kituo cha umeme. Ikiwa rangi imebadilika kuwa ya kahawia, iliteswa na joto. Muuzaji asiye na kifuniko cha plastiki cha soketi, mazabodi yake usiinunue kabla hujaiona ikiwaka mbele yako na RAM katika nafasi zote.