Boti Ikijaa Maji: Maswali Yenu Kuhusu Povu la Kuelea

Fundi, salaam. Nina boti ya faiba ya futi 16 ya kutembeza familia wikendi. Nataka kuitia povu, lile gumu na jepesi la kuelea, isizame. Litatosha kiasi gani? – Msomaji, Kilifi

Piga hesabu ya uzito wa boti ikiwa ndani ya maji, si nchi kavu. Faiba ikizama hubaki na kama theluthi ya uzito wake. Tuseme bodi lako lina kilo 350. Majini ni kama kilo 115. Injini usiipunguzie kitu, andika kilo 55 zote. Betri, nanga na vikorokoro, 40. Hapo umefika 210. Ongeza 100 kwa watu watakaokaa humo huku maji yamewafika kifuani. Jumla 310. Lita moja ya povu hubeba takriban kilo moja, kwa hiyo ni lita 310, na mimi huongeza robo hivi kwa sababu povu huzeeka. Fanya 400, yaani ujazo wa mapipa mawili makubwa ya mafuta. Povu la kawaida la boti lina kilo 32 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo mzigo wote huo haufiki hata kilo 15. Taabu yake ni nafasi tu.

Fundi wangu anasema tulimwage lote chini ya sakafu, ngamani. Ni sawa? – Msomaji, Tanga

Mzuie kwanza, shikamoo yake baadaye. Povu likiwa chini tu, boti ikijaa maji litataka kupanda juu, na njia rahisi ya kupanda ni kuipindua boti. Mtajikuta mnang'ang'ania mkuku, ule uti wa chini ya boti, unaoteleza, na watoto hawana pa kushika.

Sehemu kubwa iweke juu, ubavuni pande zote mbili, chini kidogo ya ukingo. Nyingine iweke tezi, yaani nyuma, kulia na kushoto kwa injini, maana injini ndiyo inayovuta nyuma kwenda chini na kuacha omo, yaani mbele, imetazama mbinguni. Marekani wana kanuni ya boti za injini ya nje zilizo chini ya futi 20: zikijaa maji lazima zibaki zimelala sawa. Hilo ndilo la kulenga.

Najua utaniuliza kuhusu Boston Whaler, boti ya Kimarekani ambayo mwaka 1961 jarida la Life lilimwonyesha mwenye kampuni, Richard Fisher, ameketi ndani huku inakatwa vipande viwili kwa msumeno. Ile ina povu chini na ubavuni, limejaa kote kati ya ngozi mbili za faiba. Si povu la ngamani peke yake.

Kisha ijaribu. Siku ya bahari shwari, maji ya kiunoni, toa injini na betri, funga vyuma vya uzito uleule mahali pake, chomoa kizibo, iache ijae. Ikilalia upande, hamisha povu kabla ya kununua jingine.

Lile povu la mkebe la kuzibia fremu za milango je? Na maboksi meupe ya televisheni? – Msomaji, Mwanza

La mkebe, hapana. Hukauka kwa unyevu wa hewa, kwa hiyo ukilijaza kwenye chumba kilichofungwa, katikati hubaki bichi, na baadaye hunywa maji. Yale meupe yanaelea vizuri sana, ila adui yake ni petroli. Weka kipande kwenye kisosi, kidondoshee petroli, ukitazame kinavyonywea na kuwa ute. Karibu na tangi usiyaweke kabisa.

Chupa za soda watu huzicheka bure. Chupa ya lita moja na nusu hubeba kilo moja na nusu. Kaza vifuniko, zitie kwenye wavu, zifunge imara, na zikague kila msimu.

Nimepata povu la kuchanganya vimiminika viwili. Tahadhari? – Msomaji, Unguja

Hufura mara 25 hadi 30 na hutoa joto kali. Mimina kidogo kidogo, kila tabaka lipoe, na acha tundu la kupumulia, la sivyo litapasua sitaha. Mahali pawe pakavu kabisa. Kimiminika kimoja kina kemikali iitwayo isosianeti, inayoweza kukuachia pumu ya maisha. Vaa barakoa yenye kichujio cha mvuke wa kemikali. Kitambaa hakisaidii kitu.

Nikishaweka, naweza kuongeza abiria? – Msomaji, Entebbe

Hapana. Povu huanza kazi maji yakishaingia. Kabla ya hapo ni mzigo tu. Huko kwenu mnaikumbuka MV Templar, boti ya starehe iliyozama Ziwa Victoria upande wa Mukono tarehe 24 Novemba 2018 ikiwa imejaza watu kupita kiasi, wakafa zaidi ya 30. Idadi ibaki ileile, na jaketi za kuokolea zivaliwe, zisikae chini ya viti.

Boti yangu ya zamani imekuwa nzito, injini inalalamika. – Msomaji, Mombasa

Huenda povu limelowa. Toboa sakafu sehemu ya chini kabisa kwa msumeno wa kutobolea matundu, toa kipande cha povu, kiminye. Kikitoa maji, usihangaike kulikausha kwa jua, halikauki. Kata sakafu, ling'oe lote, na ukirudisha jipya acha mfereji katikati wa kupitisha maji hadi kwenye kizibo.