Kabla hujabonyeza "futa": kusafisha kundi la mtaa bila kuwapoteza wenye majibu

Dada mmoja wa Kisauni, Mombasa, ameniandikia wiki hii. Anasimamia kundi la WhatsApp la mtaa, watu mia sita na kitu, lililoanzishwa ili watu waulizane habari za maji, stima, usafiri na mafundi. Sasa, asema, kila asubuhi akifungua simu anakuta mamia ya jumbe: maua ya "habari za asubuhi", kamari za mpira, kazi za Qatar zisizo na jina la kampuni, stika juu ya stika. Katikati ya hayo yote kuna mama aliyeuliza usiku kama yuko mtu ajuaye zahanati iliyo wazi. Hakujibiwa. Dada anauliza: afute yote? Au afunge kundi, waandike maadmini peke yao?

Usifunge, dada yangu. Kundi la maswali likifungwa hugeuka ubao wa matangazo, na maswali huhamia simu za watu binafsi ambako jibu moja humfaa mtu mmoja tu.

Anza kwa kujua unamlinda nani. Katika kundi lolote la mtaa wanaojibu ni wachache: fundi wa mita, nesi, kijana anayefanya kazi upande wa feri, mama ajuaye zamu za maji kuliko ofisi yenyewe. Hao hawana shida wanayotaka kutatuliwa, walikuja kusaidia. Kwa hivyo wakichoshwa na porojo ndio wa kwanza kuzima sauti ya kundi. Hawatoki wala hawaagi. Hesabu ya wanachama inabaki ile ile, nawe admini unadhani mambo ni mazima. Kipimo kizuri ni hiki: kila Ijumaa rudi nyuma, yatafute maswali 10 ya mwisho yaliyo ya kweli, uhesabu mangapi yalijibiwa na baada ya muda gani. Ukiona yanajibiwa nusu yake tu, wajuzi wako wameshanyamaza.

Ukishika ujumbe wowote, jiulize kwanza: mjuzi akiuona huu, ana la kujibu? Swali hilo moja litakuonyesha kwamba mengi unayoyaita upuzi si upuzi.

Chukua "Maji vipi?" Huyu ana shida ya kweli, ila ameuliza nusu. Ukimfutia umemfukuza mwenye haki. Mjibu ndani ya dakika 10 kwa maswali matatu: uko sehemu gani, tangu lini, na ni maji ya mfereji au ya kisima? Kwa stima: ni nyumba yako peke yako au mtaa mzima, na mita yaonyesha nini? Wengi wanaolia kwamba tokeni haiingii wameruka tarakimu. Tokeni ina tarakimu 20, namba ya mita kwa kawaida 11, na mtu akichanganya hizo mbili atabonyeza mpaka kuche. Mwambie azihesabu kwanza. Akitaka kutuma picha ya ujumbe wa M-Pesa kuonyesha kwamba tokeni ameilipia, afunike jina, salio na namba ya simu. Akishatuma bila kufunika, ifute wewe mara moja kisha umweleze faraghani. Maswali hayo matatu yaandike kwenye maelezo ya kundi na uyabandike juu. WhatsApp yakubali jumbe tatu zilizobandikwa, kwa saa 24, siku 7 au siku 30. Moja iwe hiyo ya namna ya kuuliza, ya pili jibu la swali linalorudiwa sana mwezi huo, ya tatu iache wazi kwa dharura.

Hapo ndipo penye kosa la maadmini wengi: huandika kanuni 20, ndefu kama mkataba wa nyumba, kisha hukasirika kwamba hazisomwi. Kanuni tatu zinatosha.

Sasa tanzia. Hili nataka nilikalie, kwa sababu ndipo makundi ya Mombasa huvurugika kwa nia njema. Habari ya msiba haiwezi kuwa nje ya mada katika mtaa wa Kiswahili. Maiti huzikwa siku ile ile, na mtu akikosa habari saa mbili tu amekosa maziko. Lakini tazama linalotokea: tangazo linawekwa saa tatu asubuhi, linafuatwa na "Inna lillahi" mia mbili, na anayefungua simu saa saba hapati tena msikiti ni upi wala sala ni saa ngapi. Pole za watu zimefunika maziko yenyewe. Kuzifuta huwezi, ni utovu wa adabu mkubwa. Fanya hivi. Tangazo liandikwe na admini mmoja baada ya kuthibitisha na jamaa wa marehemu, si na mtu aliyesikia. Liwe na mambo matano: jina na nasaba inayojulikana mtaani, nyumba ya msiba, msikiti wa kusaliwa, sala gani, na makaburi, yawe ya Kikowani au penginepo. Wakati utaje kwa sala, "baada ya alasiri", au "saa kumi jioni" kwa maneno. Ukiandika "saa 4" mmoja atasoma kwa Kiswahili na mwingine kwa Kizungu, na mmoja wao atakuta kaburi limeshafukiwa. Libandike juu kwa saa 24, kisha waombe watu waweke alama ya dua juu ya tangazo lenyewe badala ya kuandika upya. Wengi watafuata wakiona maadmini wamefanya hivyo kwanza. Msiba wa Kikristo nao ufuate utaratibu huo huo, na tarehe ya mazishi na ya mkutano wa matayarisho ziandikwe zote mbili.

Biashara, mialiko ya harusi, mpira na salamu vifungulie kundi la pili, liite Gumzo. Ukitumia Jumuiya ndani ya WhatsApp makundi yote mawili yatakaa chini ya paa moja, na mtu atachagua lipi limpigie kengele. Anayekosea mahali usimtangaze mbele ya watu. Mwandikie faraghani, kisha ufute. Admini anapomfutia mtu, kundi zima huona kwamba admini ndiye aliyefuta, kwa hivyo mtu asipopata sababu upesi ataitafuta mwenyewe, na atakayoipata ni kwamba unamchukia.

Mzee anayetuma picha za dua kila alfajiri ana njia yake. Usimwandikie kama kijana mwenzako. "Shikamoo mzee wetu. Dua zako twazipokea kwa heshima. Kundi hili tumeliweka kwa shida za maji na stima, na tumefungua Gumzo ambako watu wanazisubiri kila asubuhi. Nikuingize huko?" Asipojibu, nenda kamwone barazani, au mtume mwanawe. Kumfutia mzee bila neno ni kuuvunjia heshima mji mzima, na jamaa zake wote watatoka naye.

Kuna aina ambayo haisubiri adabu. Kazi ya ng'ambo inayotaka "elfu moja mia tano ya vipimo" kabla ya mahojiano: futa mara moja, na uwaambie watu waangalie kama wakala ana leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Utapeli wa M-Pesa kwa laini ya Safaricom, namba ya simu ya tapeli ipelekwe 333 kwa SMS. Ujumbe wenye mishale miwili umeshasambazwa mara tano au zaidi kabla ya kukufikia, na aliyeuleta mara nyingi hamjui aliyeuandika. Kanuni iwe nyepesi: wa mishale miwili hauingii, mpaka mletaji aseme kwa maneno yake nani ameona, lini na wapi. "Feri imekwama" haitoshi. Yuko Likoni au yuko Kisiwani, na picha ni ya leo?

Maneno ya kuchochea watu wa kabila au dini nyingine, piga picha ya skrini kwanza, kisha futa, kisha mtoe. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, kifungu cha 13, inatoa faini ya hadi shilingi milioni 1 au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. Ukishamtoa mtu, weka upya linki ya mwaliko na uwashe idhini ya wanaoingia, la sivyo anaweza kurudi kwa linki ile ile, kwa namba nyingine, kabla ya magharibi.

Na siku hizi kuna upuzi uliovaa kanzu: jibu refu, safi, lenye nukta na vichwa, lililotolewa kwenye programu ya akili bandia na mtu asiyejua mada. Stack Overflow, tovuti ya maswali ya watengeneza programu, ilipiga marufuku majibu ya ChatGPT Desemba 2022, kwa sababu yalifanana na ya kweli na mara nyingi yalikuwa na makosa. Kwenu hatari ni dawa na stima. Anayetaja kipimo cha dawa au namna ya kufungua mita aulizwe: umefanya mwenyewe, au umesoma wapi? Asipojibu, lifute, na mgonjwa aelekezwe hospitali.

Kazi hii haiwezi mtu mmoja. Watatu wanatosha: mmoja wa alfajiri hadi adhuhuri, mmoja hadi magharibi, mmoja wa usiku, nao wakubaliane faraghani kabla ya kumtoa yeyote.

Wajuzi walionyamaza, dada, bado wanaweza kurudi. Aliyezima sauti ya kundi bado simu yake humwarifu akitajwa kwa jina lake kwa alama ya @. Kwa hivyo swali zuri likikaa nusu saa bila jibu, litaje tena ukimwita mjuzi mmoja tu: "Fundi, mita ya huyu ndugu yaonyesha hivi, nawe ndiwe ujuaye." Usimwite zaidi ya mara moja kwa siku, wala usimwite kwa swali ambalo hujalikamilisha kwanza. Akishajibu, libandike jibu lake, ili kesho asiulizwe lile lile. Na swali la yule mama wa zahanati, anza nalo leo.