Minyoo ya tumbo: wangapi wanayo, na kwa nini hurudi

Swali: Daktari, kila mwaka shuleni watoto wote humezeshwa dawa za minyoo, hata wasiolalamika tumbo. Je, tatizo ni kubwa kiasi hicho? (Mzazi, Pemba)

Jibu: Ni kubwa, ndugu yangu, tena kuliko wengi wetu tunavyodhani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao bilioni 1.5, yaani karibu mtu mmoja kati ya watano duniani, wana minyoo inayoenezwa kupitia udongo, ambayo aina zake kuu ni minyoo mviringo, minyoo mjeledi na safura. Hapo kwenu Pemba, tafiti zilizofanywa shuleni katika miaka ya 1990 ziliwakuta zaidi ya watoto 9 kati ya 10 wakiwa na walau aina moja. Wengi wa watoto hao walicheza na kusoma kama kawaida, kwa kuwa minyoo michache mara nyingi haina dalili yoyote. Madhara hutegemea wingi wake, na katika kijiji kimoja sehemu kubwa ya minyoo hukutwa kwa watu wachache, ambao ndio huishiwa damu au kudumaa. Huwezi kuwatambua kwa macho, na kumpima kila mtoto ni ghali kuliko dawa yenyewe.

Kipimo nacho kina mipaka yake. Mpimaji huchuja choo kidogo kwa wavu mwembamba, hukipaka juu ya kioo na kukifunika kwa selofani iliyolowekwa gliserini, kisha huhesabu mayai kwa hadubini. Mayai ya safura yana ganda jembamba sana, kiasi kwamba kioo kikikaa zaidi ya saa moja hivi hufifia yasionekane tena, na mwenye minyoo akaandikiwa kuwa hana.

Swali: Mwanangu anasaga meno usingizini na anapenda sana peremende. Je, hiyo ni minyoo?

Jibu: Si lazima, mama. Kusaga meno kuna sababu nyingine nyingi, na peremende huharibu meno lakini hazizai minyoo. Minyoo mviringo na mjeledi huingia kwa kumeza mayai yaliyo kwenye mikono, mboga au maji machafu. Safura hupenya ngozi, hasa ya miguu isiyo na viatu.

Swali: Alipewa dawa, na baada ya miezi michache ametoa mnyoo tena. Je, tuliuziwa dawa bandia?

Jibu: Yawezekana dawa ilikuwa nzuri kabisa. Kidonge kimoja cha albendazoli huondoa karibu minyoo mviringo yote na sehemu kubwa ya safura, ijapokuwa kwa minyoo mjeledi huponya chini ya nusu ya wenye nayo. Ila hakiachi kinga yoyote mwilini, na udongo wa uani umebaki vilevile. Mnyoo mviringo jike mmoja huweza kutaga mayai 200,000 kwa siku, ambayo yakishatoka na kinyesi hukomaa udongoni kwa muda wa wiki kadhaa, kisha huweza kudumu hapo kwa miaka. Mtoto akichezea udongo huo na kula bila kunawa, anaanza upya. Inaniuma kuona shule ikipelekewa vidonge kila mwaka huku vyoo vyake havina maji wala sabuni, kwani tunatibu mwezi huu na kuambukiza mwezi ujao.

Swali: Wenzetu wa nchi tajiri hawana shida hii. Je, ni hali ya hewa yetu?

Jibu: Joto na unyevu huisaidia minyoo, lakini haviamui kila kitu. Kusini mwa Marekani, kampeni iliyogharamiwa na tajiri wa mafuta Rockefeller kuanzia 1909 iliwakuta takriban watu 40 kati ya 100 wakiwa na safura. Korea Kusini, ambako baridi ni kali, uchunguzi wa kitaifa wa 1971 ulikuta mayai ya minyoo kwa asilimia 84 ya waliopimwa; mashamba yalirutubishwa kwa kinyesi cha binadamu, na mboga zikarudi mezani na mayai yake. Nchi hiyo ilikuwa imepitisha sheria ya kupambana na minyoo mwaka 1966, ikawapima wanafunzi mara mbili kwa mwaka na kuwatibu waliokutwa nayo, huku mbolea ya viwandani na vyoo bora vikienea. Kufikia 1997 kiwango kilikuwa asilimia 2.4. Walihitaji takriban miaka 25 ya kutokoma, jambo ambalo kampeni zetu za siku moja bado hazijalifikia.

Swali: Nina ujauzito wa miezi miwili. Je, nimeze dawa ya minyoo?

Jibu: Subiri, dada. Dawa hizi haziruhusiwi katika miezi 3 ya mwanzo. Baada ya hapo kliniki ya wajawazito hutoa kidonge katika maeneo yenye safura nyingi, kwa sababu safura hunyonya damu ambayo wewe na mtoto mnaihitaji. Mweleze mkunga mapema ukihisi kizunguzungu au ukichoka upesi, akupime wingi wa damu.